Mume Wangu Alipokwenda Kozi

Nililala chini katikati ya barabara pale Busia, karibu kabisa na geti la mpaka, nikamshika mume wangu mguu. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi miaka yangu siitaji mbele ya watu, ingawa magoti huitaja kila ninapoinama. Lami ilikuwa ya moto, inanuka dizeli na vitunguu vilivyokanyagwa. Kutoka pale chini niliona tumbo la lori la mafuta, safu ya viatu vyeusi vipya, na kipande cha mbingu kilichobaki. Watu walikuwa wanacheka. Vijana wa baiskeli walishuka wakacheka, wabadilisha fedha wakacheka, na askari mmoja mwenye uso kama mlango wa benki alicheka mpaka akavua kofia akajipepea.

Katika umati ule mimi tu nilikuwa sicheki. Na mimi ndiye mtu ambaye kijiji chetu kizima cha Mwello humwita kwenye matanga ili wafiwa wapate kumeza chakula.

Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Si mume wa kitanda, msinitazame hivyo. Ni mume wa mdomo. Akizaliwa wanakuletea na kukwambia, haya Awor, mume wako amefika, hana nguo wala meno. Unawajibu kwamba hata yule wa kwanza alifika hivyo hivyo. Kuanzia siku hiyo ana haki ya kukutukana, nawe una haki ya kumtukana, na hakuna wa kununa. Lakini utani huo una adabu yake. Ukirushiwa neno, unarudisha neno. Anayenyamaza, au anayejibu kwa upole kama karani, huyo ndiye amekosa heshima, au ni mgonjwa.

Kwa mama yake, mjukuu huyo huyo hawezi kutamka hata nusu ya maneno hayo. Kati ya mama na mtoto wa kiume kuna pazia, na hakuna anayelifunua.

Oboth alikuja kukaa kwangu angali mdogo, kwa sababu mama yake, binti yangu Dorah, alikuwa na kibanda cha mitumba upande wa Kenya na alivuka mpaka kila siku asubuhi kurudi jioni. Siku tulipomzika mume wangu wa kweli, Ofumbi, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nimevimba macho. Oboth, mwanafunzi wa shule ya msingi, suruali fupi, akaja akaketi kando yangu. Akaniuliza kwa sauti ya watu wote kusikia: sasa wewe mzee, nani atakununulia sabuni, na ulivyo mchafu? Waombolezaji waliangua kicheko. Nami nikajifuta pua, nikamwambia atanunua yeye, na asiponunua nitaolewa na padri. Hivyo ndivyo nilivyopita siku ile.

Alikuwa na akili. Nasema hivyo bila kujisifu, kwani hakuirithi kwangu. Mimi shule niliiacha darasa la nne, mwalimu alipotaka kunifundisha kugawanya na nyumbani hakukuwa na cha kugawanya. Oboth alimaliza kidato cha sita na alama za kumfanya mkuu wa shule amshike mkono. Alitaka kusomea ujenzi wa madaraja. Nilimuuliza Mwello kuna mto gani wa kuhitaji daraja lake, akasema atajenga moja la kunivusha mimi kwenda ng'ambo kwa Ofumbi, maana nimechelewa.

Shida ilikuwa ile miezi ya kungoja. Mtoto akimaliza kidato cha sita, chuo kikuu hakifunguliwi mpaka msimu mzima upite, naye hukaa kama kuku aliyefungwa mguu sokoni: hachinjwi, haachiliwi. Wengine huanza pombe. Wengine huanza ndoa. Kwa hiyo kozi ile ya likizo ilipotangazwa kanisani, baada tu ya matangazo ya harusi, wazazi waligeuka kutazamana kama watu waliosikia mvua mbali.

Ilikuwa kozi ya kuwaandaa vijana kwa chuo kikuu. Kompyuta, Kiingereza cha chuoni, na kitu kinachoitwa ustadi wa mawasiliano. Mwenye kozi aliitwa Mwalimu Luke, kijana msafi, shati lisilojua jasho, Kiingereza chake kilipita puani na kutoka kimeshanawa. Hakutaka ada. Alisema wafadhili wamelipa, na wale watakaofanya vizuri watapelekwa kusoma ng'ambo, Asia, chuo, malazi, kila kitu. Dorah alilia palepale kwenye benchi. Alivua kitambaa cha kichwani akalia ndani yake.

Vijana walihamia Busia kwa kozi hiyo, upande wetu wa Uganda, kwenye nyumba ya ghorofa nyuma ya maegesho ya malori. Chini palikuwa na stoo ya mahindi. Simu zao zilikusanywa siku ya kwanza, ili wasome kwa utulivu. Likaonekana jambo la busara. Sote tulikuwa tunalalamika kuhusu simu.

Nilipokwenda kumwona nilibeba ugali wa wimbi na magira, mchuzi wetu mzito wa kunde, nikakuta geti la bati na mlinzi kutoka upande wa Kenya aliyeitwa Levis.

"Shosho, unatafuta nani?"

"Mume wangu."

Akaangalia kikapu, akaniangalia mimi. "Mume wako ni mwalimu hapa?"

"Ni mwanafunzi. Nilimpokea akiwa hana meno. Sasa anayo yeye, mimi yamenibaki manne."

Levis alielewa, kumbe naye ana bibi. Alicheka, akasema leo hakuna ruhusa ya kuingia lakini ndoa ya watu hawezi kuivunja, akafungua geti kidogo nikapita kwa ubavu. Utani ulikuwa bado unanisaidia siku zile.

Ngazi zilinuka vumbi la mahindi na rangi mbichi. Nilipofika juu niliona rangi ilikopakwa: kwenye vioo vya madirisha, nyeupe, kuanzia chini mpaka juu ya kichwa cha mtu mrefu. Mwanga uliingia kama maziwa yaliyotiwa maji. Ndani ya chumba vijana walikaa wawili wawili, uso kwa uso, migongo imenyooka. Mmoja anasema, mwenziwe anasikiliza. Hakuna aliyepaza sauti. Ni mnong'ono tu, chumba kizima, kama nyuki ndani ya ukuta.

Kila mmoja alikuwa na jina limebandikwa kifuani. Nilimtafuta Oboth kwa jina sikumpata. Nikamtafuta kwa masikio, maana ana masikio ya babu yake, nikampata. Kifuani aliandikwa Daniel. Huyo nilimjua, ni yule wa kwenye tundu la simba.

Tuliketi kwenye benchi la ukumbini. Nikaanza kama kawaida yetu. Nikamwambia amenitupa, nimekuja kumwona huyo mwanamke mwembamba aliyeninyang'anya mume, nimpime kilo. Nikasubiri jibu langu. Nilishaandaa na la kurudisha.

Oboth akainama kidogo mbele, akanitazama machoni, akalainisha sauti.

"Umekula leo?" akaniuliza. "Nimekuwa nikikuwaza tangu asubuhi."

Niligeuka nyuma kuona anasema na nani.

"Najua tangu mzee aondoke nyumba imekuwa kubwa," akaendelea. "Mtu mwenye moyo kama wako hafai kuwa peke yake."

Nyumba yangu si kubwa. Mimi na mbuzi hatuwezi kugeuka kwa wakati mmoja. Na Oboth anaijua, ameifagia. Lakini macho yake yalikuwa yananisubiri nijibu, macho mazuri, yenye huruma, na ndani yake hapakuwa na mtu ninayemjua. Nikamshika kidevu, nikamuuliza kwa Kidhopadhola chetu ni nani amemfundisha kusema hivyo.

Akapepesa kope. Akarudi. Akacheka, na kicheko kilikuwa chake.

"Ni mazoezi, jaja. Ni somo la mawasiliano. Mimi ndiye wa kwanza darasani."

Alinieleza akila, anajivuna kama mtoto. Wanafundishwa kuanza maongezi na mtu wasiyemjua kabisa. Wanamuuliza amekula nini. Wanamuuliza amefiwa na nani, watoto wake wanaishi wapi, nani humtembelea. Wanashika majibu yote kichwani, na kesho yake wanayarudisha kidogo kidogo, ili mtu aone amekumbukwa. Chuo cha ng'ambo kinapenda watu wanaojua kusikiliza.

"Na mkishajua yote hayo?"

"Hiyo ni sehemu ya pili. Sehemu ya pili tutasoma hukohuko."

Hapo sasa niseme jambo. Kabla ya Ofumbi, nilitongozwa na karani mmoja wa pamba. Sijapata kusikilizwa na mwanamume vile, kabla wala baada. Aliniuliza nimekula nini. Aliniuliza kaka zangu wanalala wapi, mbwa wetu anaitwa nani. Nilipomwambia bibi yangu amekufa, alitoa leso. Halafu asubuhi moja baba aliamka akakuta fahali wake wawili hawapo, na mbwa hakubweka, kwa kuwa aliitwa kwa jina lake. Kwa hiyo sauti ile ya Oboth mimi niliitambua hata kabla sijaelewa ni ya kazi gani. Haikuwa sauti ya chuo.

Mwalimu Luke alitokea kwenye ngazi. Hakukasirika. Alinipa mikono miwili, akaniita mama, akaketi kando yangu, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kama nimekula.

Wiki iliyofuata nilikuta mlinzi mwingine getini, na huyo hakuwa na bibi.

Nilivuka kwenda kwa Dorah. Alikuwa amesimama katikati ya rundo la suruali za watoto, anazikung'uta moja moja. Nilimweleza yote: madirisha, majina, sauti. Nilimwambia kozi ile inawafundisha watoto wetu kuwa wezi wa aina nisiyoijua, na huko wanakopelekwa si chuoni, amtoe mwanawe leo. Dorah alianza kutabasamu kabla sijamaliza. Akasema ugomvi wa mtu na mume wake yeye hauingilii. Nikamwambia sitanii. Akakunja suruali, akaiweka, na tabasamu likamtoka taratibu.

"Mama," akasema, "tangu nizaliwe sijakusikia ukisema jambo moja bila kulipinda. Ulituambia baba amekwenda kuoa wa pili, kumbe yuko hospitali. Ulimwambia padri wewe ni Mwislamu. Leo nitajuaje kwamba hili umelinyoosha?"

Niliokota suruali moja ya mtoto, nikaikunja.

"Niache nifurahi kidogo," akasema. "Sijawahi kupata kitu kizuri cha bure."

Nilimwendea mwenyekiti wa kijiji, akacheka, akanipa kiti, akaita wake zake waje kusikia. Nilimwendea katekista, akasema nina wivu wa mapenzi. Kila mlango niliobisha ulifunguliwa kwa kicheko. Nilikuwa nimewazoesha vibaya kwa miaka mingi mno.

Siku ya safari ilikuwa na jua kali. Wangevuka mpaka kwa miguu, kila mmoja na begi lake, halafu wapande basi upande wa Kenya mpaka Nairobi, na huko ndege. Pasipoti zao zote alizibeba Mwalimu Luke mwenyewe, kwenye mkoba mmoja wa ngozi uliokaa begani mwake kama mtoto. Wazazi walivaa nguo za Krismasi. Dorah alikuwa na gauni la kijani alilolitoa kwenye marobota akalipiga pasi mpaka likasahau lilikotoka. Waliimba. Vijana walitembea kwa safu, viatu vyeusi vya aina moja, na vifuani bado wana yale majina.

Nilishuka kwenye bodaboda nikapita katikati ya watu. Nilikuwa sijapanga la kufanya. Nilipomwona Oboth amekaribia geti, nilijikuta niko chini, mguu wake mikononi mwangu.

Nami nilijua, hata nikiwa pale chini, nilijua nimekosea. Kwa sababu hilo nalo ni la kwetu. Mume wa utani akisafiri, bibi yake humfungia njia. Hulala chini, hulia kwamba ameachwa, hukataa kuinuka mpaka apewe kitu: sabuni, sukari, chochote. Akishapewa, ameridhia, anasimama na kumbariki aende. Kila aliyekuwa pale alilijua, Wadhopadhola, Wasamia, hata Wateso. Walidhani wameletewa sherehe.

"Mpe kitu, kijana! Mke wako anakufa!"

"Umemwacha na njaa, mzee wa watu!"

Nilipiga kelele. Nilisema asiende. Nilisema hawa watu ni wezi, hakuna chuo, watoto wanakwenda kuuzwa. Kicheko kikapanda. Mama mmoja akanipigia vigelegele. Nikasema, jamani, leo sitanii, naapa kwa kaburi la Ofumbi sitanii. Na mtu nyuma akasema huyu bibi ni hatari, hebu sikia anavyoapa, hata jicho halichezi.

Oboth alikuwa anajipapasa mifukoni, anacheka kwa aibu. Mifuko haikuwa na kitu. Vyote walishavikusanya.

Ndipo Mwalimu Luke akatoka kwenye kioski cha jirani. Mtu alikuwa amemweleza desturi. Alipiga magoti mbele yangu, suruali ile safi kwenye vumbi, akanipa paketi ya sukari na mche wa sabuni kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha kama mkwe. Watu walishangilia mpaka lori likapiga honi. Nimelipwa. Mbele ya mashahidi wote wa Busia, nimelipwa.

Sikumwachia. Nilikaza. Ndipo Oboth alipoinama, mdomo wake karibu na sikio langu, na akasema kwa sauti yake yenyewe, ile niliyomlea nayo:

"Inuka, mzee. Utaipasua lami ya serikali kwa hayo makalio."

Nilikuwa nimelisubiri jibu hilo tangu siku ile ya benchi. Lilinipata mbavuni. Nilicheka. Mwili una tabia zake, haukuniuliza. Nikacheka, na nilipocheka vidole vililegea, na mguu ukaondoka.

Dorah ndiye aliyeniinua, akanikung'uta kama suruali za kibandani kwake. Alikuwa anacheka na machozi. Tukatazama safu ya viatu vyeusi ikipita chini ya kile kibao cha kukaribisha watu, Oboth akageuka mara moja akapunga mkono, halafu lori la mafuta likasogea mbele yake.

Siku chache baadaye Mwalimu Luke alituma ujumbe kwamba wamefika salama. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Ile ghorofa ilipangishwa kwa muuza magodoro. Nilipita nikawakuta vijana wanakwangua rangi kwenye vioo kwa wembe. Dorah alikwenda polisi upande wetu, wakamwambia watoto waliondokea Kenya. Akaenda polisi upande wa Kenya, wakamwambia watoto ni wa Uganda. Alitembea kati ya afisi hizo mbili mpaka viatu vikaisha, kisha akarudi kibandani akakaa juu ya marobota, na hakuna aliyethubutu kumuuliza bei.

Aliponiomba radhi nilimtukana kidogo, ili aache.

Habari ya huko tuliipata kwenye redio. Kijana mmoja wa Bungoma alikuwa ameponyoka akarudi, naye alipitia kozi ya namna hiyo mahali pengine. Alieleza majengo yenye nondo madirishani, vijana mamia wameketi kwa safu, kila mmoja na simu kadhaa. Kazi yao ni kuwaandikia watu wapweke duniani kote, kuwapenda, kuwauliza wamekula nini, mpaka siku watakapofungua mikono na kutoa akiba zao. Asiyepata mtu wa kumwandikia hupigwa. Alisema hivyo kwa utulivu, kupigwa, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Dorah alizima redio. Baadaye akaiwasha tena, lakini palikuwa pameingia nyimbo.

Asubuhi moja, nikiwa napepeta wimbi, simu yangu ililia. Dorah alikuwa amenipa simu ya kioo, yenye namba yangu ileile ya zamani, endapo Oboth atapiga. Niliona namba ndefu isiyo ya huku na picha ya mwanamume amevaa koti la daktari, kidevu kama cha sanamu. Ujumbe ulisema: Hujambo mrembo. Naitwa Dakta Phillip, natibu mabaharia. Nimeipata namba yako kwa bahati na moyo wangu umekataa kuifuta.

Nilikuwa nataka kuufuta mimi. Kidole kilikuwa njiani. Mara mwingine ukaingia chini yake.

Vipi, mzee, bado unapika ugali wenye mawe?

Niliketi juu ya ungo. Wimbi lote likamwagika, kuku wakaja.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mteja. Nilielewa bila kuambiwa. Walimpa watu wa Kiswahili, na yeye akawaambia amempata mjane wa Nairobi, mwenye nyumba za kupangisha, mpweke, mkali, anayehitaji muda. Mjane huyo ni mimi. Wakubwa wake walikuwa wanasoma, si kila siku lakini walikuwa wanasoma, kwa hiyo hakuniambia aliko na sikumuuliza. Nadhani hata yeye hakujua. Aliandika maneno ya asali kwa ajili yao, na katikati ya asali akanitupia tusi kwa ajili yangu. Nami nilimjibu kama tajiri anayeringa. Nilimwambia wapangaji wangu wamenichosha. Nilimwambia ana masikio ya popo, daktari gani huyo.

Dorah hakuweza kuandika. Hakuweza hata kusoma. Mwanawe anamwita mwanamke mpenzi, anasifia shingo yake. Hata kama shingo yenyewe ni hii yangu ya kobe, pazia ni pazia. Kwa hiyo mimi wa darasa la nne nilijifunza vile viherufi, kidole kimoja, ulimi nje. Caro wa kioski cha simu alinionyesha pa kubonyeza. Dorah alikuwa akipita kwangu kila asubuhi kabla ya kuvuka, anasimama nje, mgongo ukutani, na kuuliza jambo moja tu.

"Ametukana?"

"Ametukana."

Anavuta pumzi, anajitwisha robota, anakwenda.

Tulikaa hivyo misimu miwili ya mvua. Wakubwa walikuwa wanauliza mjane atatuma lini, nami nikamfanya mjane augue. Kisha akagombana na wanasheria. Kisha akaenda kuhiji, na kuhiji kunachukua muda. Sijawahi kusema uongo mwingi hivyo kwa mfululizo, na nilikuwa tayari kuendelea mpaka nife.

Mwezi uliopita yale matusi yalikoma.

Dakta Phillip aliandika kama kawaida, picha ileile, kidevu kilekile. Habari za asubuhi, malkia wangu. Natumaini umepata kifungua kinywa. Nilimwambia ana masikio ya popo. Akasema, asante mpenzi, wewe una ucheshi mzuri. Nilimwambia mama yake alimzaa akiwa amelala. Akasema familia ni kitu muhimu sana. Nilirusha kila jiwe nililokuwa nalo na yote yalizama bila sauti. Dorah aliuliza nje, nikasema ametukana. Kesho yake aliuliza, nikasema tena. Sauti yangu niliisikia inavyolainika.

Jana sikuvumilia. Niliandika, kidole kimoja: Wewe si yeye.

Nilikoka moto, nikauzima. Nilimfunga mbuzi, nikamfungua. Dorah alikwishafika, nilikiona kivuli chake mlangoni. Ndipo simu ikalia, na maneno yakaja bila malkia na bila mpenzi.

Aliyekuwa hapa wamempeleka jengo lingine. Sijui lipi. Alikuwa mzima alipoondoka. Aliniachia namba yako kwa sababu mimi sijapata mtu na wameanza kuniangalia. Alisema nisikuombe chochote, nikutukane tu, wewe utaelewa. Lakini mimi sina bibi, nimelelewa kwa watu. Sijui inavyoanzwa.

Niliusoma mara moja, na nilipotaka kuusoma tena ulikuwa umeshafutwa.

"Ametukana?" Dorah akauliza.

Nilimwambia asubiri kidogo, ninaandika. Niliivuta simu karibu na macho. Nikamwandikia yule mtoto polepole, nisikosee herufi, kwamba mimi ni mzee, meno manne, shingo ya kobe, nyumba ndogo, na mbuzi anayenidharau. Achague pa kuanzia.